Fungu Si Kipimo: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kutumia Giligilani Mbichi Jikoni

"Dada, kachumbari yangu imekuwa kama nimekatia nyasi." "Mama, maharage nimeyawekea giligilani tangu mwanzo, mbona hayanukii?" Maswali haya mawili nimeyajibu mara nyingi kiasi kwamba nimeona niyaandikie majibu mahali pamoja.

Karibu wote wanaoniuliza walifuata maelekezo vizuri. Tatizo ni kwamba maelekezo yenyewe yalisema "fungu moja la giligilani". Fungu la mwezi wa pili pale soko la Majengo hapa Dodoma, mvua ikiwa imekolea, linajaa kiganja na kumwagika. Fungu la mwezi wa nane, kwa bei ileile, unaweza kulizungushia vidole viwili. Huyu ameweka nyingi kupita kiasi, yule ameweka kidogo mno, na wote wawili wameweka "fungu moja".

Kwanza tukubaliane juu ya jina. Ninaposema giligilani hapa nina maana ya majani mabichi, ambayo watu wa Unguja na pwani huyaita kotmiri na jirani zetu Wakenya huita dania. Maelekezo yakisema "giligilani kijiko kimoja" katikati ya iliki, mdalasini na bizari, hiyo ni mbegu iliyosagwa. Yakisema "iliyokatwa" au "ya kunyunyizia", hayo ni majani. Mmea ni mmoja, lakini mbegu na majani havinukii sawa na kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine. Nimeshaona mtu akiweka kijiko kizima cha unga wa mbegu kwenye kachumbari kwa sababu alikosa majani. Ililiwa kwa heshima tu.

## Utakavyohitaji

- Giligilani mbichi, mafungu mawili
- Mabakuli mawili makubwa ya kuoshea
- Maji safi ya kuoshea, na lita moja ya maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa
- Kitambaa safi cha pamba, kikavu
- Kisu kikali, na kibao kisichokatiwa nyama mbichi
- Kijiko cha chakula na kikombe kimoja utakachotumia siku zote
- Chupa tupu ya maji ya nusu lita, kwa ajili ya kukagua kikombe
- Gilasi ndefu au chupa ya kioo yenye mdomo mpana
- Jokofu kama lipo. Kama halipo, kikapu na kona yenye kivuli

## Hatua ya 1: Kijue kikombe chako

Kikombe cha mapishi ni mililita 250 au pungufu kidogo. Vikombe vyetu vya chai havifanani: kuna vya mililita 180, kuna na magi makubwa ya mililita 350. Ukipimia magi utalaumu giligilani bure.

Jaza chupa ya nusu lita maji, kisha mimina kwenye kikombe chako. Kikijaa mara mbili na chupa ikabaki tupu, hicho ndicho. Maji yakibaki kwenye chupa, kikombe ni kidogo. Mara ya pili isipojaa, ni kikubwa, kwa hiyo gawa maji ya chupa nusu kwa nusu na uweke alama pale yanapofika.

Kijiko cha chakula ni mililita 15. Kama nyumbani una kile kijiko cha plastiki cha dawa ya watoto chenye alama ya 5 ml, vitatu vyake vijaze kijiko chako cha chakula. Ukishafanya kazi hii mara moja hutairudia.

## Hatua ya 2: Kununua

Nenda asubuhi. Hewa yetu ya Dodoma ni kavu, na upepo wa Juni hadi Septemba unanyonya maji kwenye majani laini haraka kuliko jua lenyewe. Giligilani iliyokaa mezani tangu saa moja, ukiikuta saa nane mchana imeshachoka.

Ukifika kwa muuzaji, angalia haya:

Majani yawe ya kijani kilichokolea, mapana, yenye pindo zilizokatika kama msumeno. Ukiona majani ya juu yamekuwa membamba kama nyuzi, au kuna vimaua vyeupe, mmea umeshaanza kuzaa. Joto ndilo linaloharakisha hilo, na ladha yake huwa imepungua. Usinunue kwa ajili ya kachumbari.

Kijiti kikunje. Kikivunjika kwa mlio, ni kibichi kweli. Kikijikunja kama uzi, kimelala.

Omba kufungua kamba. Wauzaji hunyunyizia maji ili mboga isinyauke, jambo la busara, ila katikati ya fungu lililobanwa huweza kuoza huku nje kukiwa kuzuri. Majani ya ndani yasiwe na utelezi wala weusi.

Mwisho, sugua jani moja kwa vidole na unuse. Giligilani inafanana sana na pasili, na wakati mwingine zinauzwa meza moja. Pua haikosei hapo.

Kama kuna fungu lenye mizizi, chukua hilo hata kama ni dogo, kwa sababu linakaa siku nyingi zaidi. Beba ukiwa umeizungushia kitambaa chenye unyevu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 tunabebea mifuko mbadala, na ile inapitisha upepo. Ukitoka Sabasaba ukapanda daladala mpaka Nzuguni bila kuifunika, utafika na majani yaliyolala.

## Hatua ya 3: Kuifufua na kuiosha

Kata ncha za chini za vijiti, karibu upana wa kidole, kisha simamisha fungu kwenye gilasi ya maji kwa dakika 20 hadi 30. Vijiti hunywa maji na majani huinuka. Fanya hivi kabla ya kupima chochote, maana jani lililosinyaa linajipanga kwa wingi kwenye kijiko na kukudanganya.

Kisha osha. Jaza bakuli maji, zamisha giligilani, itikise kwa mkono, halafu iinue wewe kutoka kwenye maji. Usimwage maji yakiwa na majani ndani, kwa sababu mchanga uliotua chini utarudi kulekule ulikotoka. Badilisha maji na urudie. Mara nyingi ni raundi tatu. Kipindi cha mvua matope huruka juu ya majani, kwa hiyo huwa naenda mpaka nne.

Onyo: giligilani ya kachumbari na chatini huliwa mbichi, na hujui ilimwagiliwa maji gani. Raundi ya mwisho iwe ya maji ya kunywa yaliyochemshwa. Homa ya matumbo na kipindupindu huingia kwa njia hii. Siki haigeuzi maji machafu kuwa safi, na sabuni usiiguse kabisa.

Utajua umefaulu ukipitisha kidole chini ya bakuli na usisikie hata chembe ya mchanga.

## Hatua ya 4: Kuikausha

Wengi wanairuka, nao ndio wale wa "nyasi".

Majani yenye maji yakikatwa hugeuka uji. Hushikamana kwenye kijiko na kupima uongo, hutoa maji kwenye kachumbari, na yakihifadhiwa huoza ndani ya siku mbili.

Tandaza majani juu ya kitambaa, kunja kitambaa juu yake, bonyeza taratibu. Kisha acha wazi kivulini dakika 10. Kiangazi cha hapa dakika tano zinatosha, usiisahau ikanyauka tena. Ukishika jani, vidole vibaki vikavu.

## Hatua ya 5: Kutenganisha

Usitupe vijiti. Naomba hilo lieleweke, maana naona jikoni nyingi watu wanachambua jani mojamoja kama mchicha na kutupa vijiti vyote kwenye ndoo ya taka. Kijiti chembamba cha giligilani kina ladha kali kuliko jani na kinastahimili moto zaidi.

Gawa sehemu tatu: majani pamoja na vijiti vyembamba vya juu, vijiti vya katikati na vya chini, na mizizi kama ipo. Vijiti vya chini vilivyokomaa na kuwa na nyuzi, viweke kwenye supu vikiwa vizima, uvitoe kabla ya kupakua. Mizizi ikisuguliwa vizuri inatwangwa pamoja na kitunguu saumu na kupakwa nyama kabla ya kuchoma.

## Hatua ya 6: Kukata

Kisu kikali, kipite mara moja. Kusanya majani kama tita dogo, yashike kwa vidole vilivyokunjwa, kata vipande vya upana wa punje ya mchele. Usirudie kuyagongagonga na kisu huku na huku. Kisu butu kinasaga badala ya kukata, na majani hugeuka meusi pembezoni.

Angalia kibao ukimaliza. Kikiwa na alama ya kijani iliyolowa, harufu yako imebaki kwenye kibao. Kikiwa karibu kikavu, umekata vizuri.

Kata dakika chache kabla ya kutumia. Kinachonukia kwenye giligilani ni mafuta mepesi yanayoruka hewani, na kila jani unalolikata umelifungulia mlango.

## Hatua ya 7: Kupima

Kanuni yangu ni hii: pima ikiwa imeshakatwa, bila kuibana, na kijiko kikiwa kimesawazishwa.

Imeshakatwa, kwa sababu majani mazima yana hewa nyingi katikati. Kikombe cha majani mazima kikikatwa hushuka mpaka karibu nusu.

Bila kuibana, kwa sababu kila mkono una nguvu zake. Kikombe kilichokandamizwa kinaweza kubeba zaidi ya mara mbili ya kile kilichojazwa tu. Dondosha majani kutoka juu, usitikise, usigonge kikombe mezani.

Kimesawazishwa, yaani pitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko. Kijiko chenye mlima si kijiko kimoja.

Ukipima hivyo, kijiko kimoja cha chakula hubeba takriban gramu 1. Kikombe kimoja ni vijiko 16, kwa hiyo ni karibu gramu 16. Nambari hizi mbili zinatosha kazi zote za nyumbani. Maelekezo yakikutaka gramu 8, ni nusu kikombe. Yakikutaka vijiti 9 vyenye majani yake, kadiria gramu 20, zaidi kidogo ya kikombe.

Maelekezo yakisema "fungu moja" bila maelezo, mimi huhesabu watu: kijiko kimoja kwa kila mlaji kwa chakula cha mchuzi. Familia ya watu sita, vijiko sita. Nikimaliza naonja, naongeza kama inahitajika. Kuongeza kunawezekana wakati wowote, lakini kutoa hakuwezekani.

Na fungu lenyewe? Fanya hivi mara moja kila msimu: nunua fungu moja, lioshe, likaushe, likate lote, lipime. Andika ukutani au kwenye simu: "Fungu la Februari, vikombe kadhaa, la Agosti, kikombe na robo", au utakavyopata wewe. Baada ya hapo sokoni unajua unanunua mangapi.

Vijiti pima peke yake. Kijiko cha vijiti kinabeba uzito zaidi kuliko cha majani na ladha yake ni kali, kwa hiyo tumia nusu ya kiasi cha majani.

## Hatua ya 8: Kuweka kwenye chakula

Hapa ndipo penye jibu la yule mama wa maharage. Aliweka majani pamoja na vitunguu mwanzoni kabisa, akachemsha saa nzima. Harufu yote ilitoka na mvuke. Jirani waliinusa, sufuria haikubaki na kitu.

Vijiti huingia mwanzoni. Majani huingia mwisho, moto ukiwa umezimwa. Funika sufuria dakika mbili, kisha pakua.

Maharage, nusu kilo makavu (watu 6). Vijiti vijiko 2, kaanga pamoja na kitunguu na nyanya kwenye mafuta ya alizeti. Majani vijiko 6, baada ya kuzima. Kama ni ya nazi, punguza majani yawe vijiko 4, ladha ya tui isizidiwe.

Mchuzi wa nyama, kilo moja. Vijiti vijiko 3 wakati wa kukaanga tangawizi na kitunguu saumu. Majani nusu kikombe mwishoni.

Kachumbari ya watu 4. Nyanya 4, kitunguu maji kikubwa 1 kilichooshwa kwa chumvi, tango nusu, ndimu 1, na giligilani vijiko 4, yaani robo kikombe. Usizidishe hapo mpaka uonje. Weka giligilani mwisho, baada ya ndimu na chumvi, wakati watu wanakaa mezani. Ikikaa saa nzima na ndimu hunywea na kupoteza ukijani.

Umezidisha tayari? Usioshe. Ongeza nyanya mbili na nusu kitunguu, kamulia ndimu kidogo.

Supu ya mbuzi au kuku. Kijiko 1 kwa kila bakuli, kinyunyizwe juu mezani. Usiweke sufuriani, kwa sababu supu hupashwa mara mbili mpaka tatu na majani hayahimili.

Chatini ya nyama choma, bajia au viazi karai. Hapa peke yake unabana: vikombe 2 vya majani na vijiti vyembamba vilivyokandamizwa, pilipili mbuzi 1, punje 2 za kitunguu saumu, juisi ya ndimu 2, chumvi nusu kijiko cha chai, maji ya kunywa vijiko 3. Saga kwenye blenda kwa mikupuo mifupi, au twanga kwenye kinu. Blenda ikizunguka mfululizo inapata joto na chatini inapauka. Ikiwa ya kijani kibichi na inashika nyama bila kuchuruzika, imekubali. Mimi hutengeneza hii tukitoka mnadani Msalato na nyama ya mbuzi, na huwa haibaki.

Pilau. Sipendekezi majani ndani ya pilau. Mbegu zake zinatosha kwenye viungo. Giligilani mbichi iende kwenye kachumbari ya pembeni.

Mlenda. Hapana. Mlenda wa Kigogo una harufu yake ya shambani, na ukiwa na karanga hauhitaji msaada. Nimejaribu mara mbili kwa kuombwa, na mara zote mbili giligilani iliunyamazisha.

Kuna walaji watakaokwambia chakula kinanuka sabuni. Usidhani wanadeka. Majani haya yana kemikali za kundi la aldehaidi, ambazo hupatikana pia kwenye sabuni, na baadhi ya watu wamezaliwa na pua inayozisikia kwa nguvu. Ukiwa na mgeni usiyemjua, weka giligilani kwenye kibakuli chake pembeni, na kijiko. Kila mtu ajipimie.

## Hatua ya 9: Kuhifadhi

Kwa jokofu. Isimamishe kwenye gilasi yenye maji ya kimo cha vidole viwili, majani yafunikwe kwa kitambaa chepesi, na maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili. Inakaa wiki nzima, yenye mizizi hata zaidi. Iweke mlangoni, mbali na ukuta wa nyuma unaogandisha.

Bila jokofu. Zungushia kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa, weka kwenye kikapu chini ya kivuli karibu na mtungi wa maji. Ule ukavu wa hewa unaotusumbua sokoni hapa unatusaidia, kwa sababu maji yanayokauka kwenye kitambaa hupoza kilicho ndani. Lowesha asubuhi na jioni. Tarajia siku mbili.

Kukausha juani. Najua sisi wa huku tunakausha kila mboga, na mlenda mkavu unatuvusha kiangazi. Giligilani ni tofauti. Tunachoihitajia ni harufu, na jua linaondoka nayo yote, ukibaki na majani yasiyo na habari.

Kugandisha. Hii ndiyo akiba yangu ya kiangazi. Mwezi wa pili na wa tatu, mafungu yakiwa makubwa, nakata, napima kijiko kimoja cha chakula kwenye kila kitundu cha trei ya barafu, namiminia mafuta ya alizeti mpaka majani yazame, nagandisha usiku mzima. Kisha natoa vipande vilivyoganda na kuviweka kwenye kopo lenye mfuniko, nimeandika tarehe.

Onyo: majani yaliyo kwenye mafuta yasikae nje ya jokofu kwenye joto la jikoni. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria anayestawi pasipo hewa na kutengeneza sumu kali isiyo na harufu wala rangi. Yakae yameganda mpaka dakika ya kutumia. Umeme ukikatika muda mrefu yakayeyuka na kupata joto, yamwage.

Vipande hivi havifai kwa kachumbari, kwa sababu vikiyeyuka majani hulegea. Kwa mchuzi na maharage vinafaa sana. Kila kipande ni kijiko kimoja kilichokwishapimwa: maharage ya nusu kilo yanachukua vipande sita, navitumbukiza vikiwa bado vimeganda, nazima moto, nafunika dakika nne badala ya mbili, na mafuta ya kukaangia mwanzoni huwa nimeyapunguza kwa kiasi cha yale yaliyomo kwenye vipande.